Tume ya Kumtafuta Mjaza Idadi

Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025. Asubuhi ilikuwa na ubaridi mzuri, ukungu mwepesi umetanda juu ya mashamba ya Umm Salal, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili viyoyozi vya ukumbi wetu vilizimwa. Mwenyekiti aliyataja mabadiliko hayo ya hewa katika hotuba yake, chini ya kichwa "Mafanikio ya Uongozi Wangu". Kisha akatoa tangazo.

"Ndugu wanajumuiya," alisema Mheshimiwa Maurice Githinji, "kuanzia saa hii, Jumuiya imeunda Tume ya Kudumu ya Uhakiki wa Sauti. Tume itakuwa na mamlaka ya kusikiliza, kupima, kuthibitisha na, inapobidi, kunyamazisha. Hakuna mtu atakayeimba tena katika kwaya hii bila ithibati."

Tulipiga makofi. Sijui nani alianza. Mimi kama Katibu huwa natakiwa kupiga wa pili.

Kwa msomaji asiyetufahamu: sisi ni Wakenya na Waganda tunaofanya kazi hapa Doha. Kuna walinzi, wauguzi, madereva, watu wa hoteli na watu wa majumbani. Kila Ijumaa baada ya ibada tunakutana katika ukumbi wa chakula wa nyumba ya wafanyakazi, tunakula, tunabishana kuhusu siasa za nyumbani, halafu tunaimba. Kwaya ndiyo kitu pekee ambacho hakijawahi kutugawanya. Kwa hiyo ilikuwa imebaki bila kamati kwa muda mrefu, na uongozi uliona hatari hiyo.

Chanzo cha Tume, kwa neema ya Mungu, nilikuwa mimi.

Mimi naendesha basi la shule. Shule yenyewe niliiacha nikiwa kijana, na nikairudia nikiwa na mvi. Jumanne jioni nasoma Kichina katika chumba kilicho juu ya duka la dawa huko Al Sadd, kwa mwalimu anayeitwa Bi Lin. Watu huniuliza kwa nini Kichina. Nawajibu kwamba niliomba Mungu anionyeshe mlango, na darasa la Kichina ndilo lililokuwa na nafasi.

Jumanne iliyotangulia tangazo, Bi Lin alitufundisha msemo wa maneno manne: *lan yu chong shu*. Wachina wanayo mingi ya namna hiyo, maneno manne yaliyobeba hadithi nzima. *Yu* ni chombo cha kupuliza cha zamani, mianzi mingi iliyofungwa pamoja. Msemo mzima unamhusu mtu anayeshika *yu* bila kujua kuipuliza, anajaza idadi tu.

Hadithi yake ni hii. Zamani sana, katika nchi ya Qi, alikuwako mfalme aliyeitwa Xuan. Alipenda *yu* kupita kiasi, na alitaka zipulizwe na watu mia tatu kwa pamoja. Bwana mmoja wa ukoo wa Nanguo alienda kuomba kazi. Hakujua kupuliza hata kidogo. Mfalme akafurahi, akampa posho sawa na wenzake. Nanguo akawa anasimama katikati ya kundi, anavimbisha mashavu, anatikisa kichwa wenzake wakitikisa, na maisha yakamwendea vizuri. Kisha mfalme akafa. Mwanawe akarithi kiti, naye pia alipenda *yu*, ila alitaka kusikiliza mpulizaji mmoja baada ya mwingine. Nanguo aliposikia hivyo akakimbia, na hakuonekana tena.

"Tangu hapo," alisema Bi Lin, "mtu asiye na ujuzi anayejificha kati ya wenye ujuzi tunamwita hivyo. Hata bidhaa mbovu iliyochanganywa na nzuri tunaisema hivyo. Lakini zaidi utausikia kwa watu wenye adabu wakijisema wenyewe. Mtu anasifiwa kazini, anajibu: mimi hapa najaza idadi tu."

Nilimsimulia Mwenyekiti hadithi hiyo tukinywa chai ya karak kando ya barabara, mikono ikiwa imeshika vikombe vya karatasi. Aliisikiliza akiwa amefumba macho.

"Katibu," alisema, "hiyo ni sera."

"Ni msemo, Mheshimiwa."

"Ni sera ambayo haijapigwa muhuri. Hiyo ya mwisho ya watu kujisema wenyewe, itoe. Inachanganya wananchi."

Niliitoa.

Lazima nieleze pia habari ya muhuri, kwa sababu ndiyo iliyomgusa Dada Terry Kendi. Terry anafanya kazi katika nyumba ya familia moja huko Al Thumama. Mama wa nyumba hiyo, Umm Nura, ni mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu mwema anayependa utaratibu. Siku Terry alipoomba awe anatoka Ijumaa nzima kwenda kwaya, mama yule alisema hana neno, ila kila mwezi aone karatasi ya Jumuiya yenye muhuri inayosema Terry bado ni mwanakwaya. Muhuri huo huwa unakaa katika mfuko wa ndani wa koti la Mwenyekiti. Mwenyekiti ni msimamizi msaidizi wa stoo katika kampuni ya lifti, na huvaa koti hata mwezi wa Julai.

Sasa, mwezi Oktoba, Terry alikuwa amesimama mkutanoni akauliza swali. Aliuliza uchaguzi wa Jumuiya utafanyika lini, maana ule uliopita ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya joto, na joto lilikuwa limeanza kupungua. Mwenyekiti alimshukuru sana kwa swali zuri. Wiki chache baadaye, kwa bahati tu, aligundua kwamba kwaya ina tatizo la sauti.

Kulikuwa pia na haraka. Meneja wa hoteli mpya huko Al Sadd, Mchina aitwaye Bwana Shen, alikuwa ametualika kuimba bustanini kwake tarehe 28, jioni ya kufungua hoteli. Alikuwa amesikia kwamba tuna wimbo unaohusu chai, na yeye ni mtu wa chai. Wimbo huo ni wetu, wa kuchumia chai milimani. Aliyeutunga ni Terry.

Tume ilikuwa na watu watatu: Mwenyekiti, Mweka Hazina wetu Proscovia, na mimi. Ilikaa katika stoo ya mchele nyuma ya jiko, kwa sababu mchele hunyonya mwangwi, na Mwenyekiti hakutaka mwangwi umsaidie mtu yeyote. Waimbaji waliingia mmoja mmoja, kama alivyotaka yule mwana wa mfalme.

Wa kwanza alikuwa Levis Kiprop, mlinzi, nguzo ya besi. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu na sare yake.

"Imba," alisema Mwenyekiti.

Levis akaimba. Magunia yalitetemeka. Mwenyekiti alimtazama Proscovia, Proscovia akatazama dari, mimi nikatazama karatasi yangu.

"Sauti hii ina buti," alisema Mwenyekiti.

"Buti ziko miguuni, Mheshimiwa. Nimetoka zamu."

"Ndiyo hivyo. Mwombaji amewasilisha sauti iliyochoka. Hadhi yake itakuwa Msikilizaji wa Muda. Anaweza kuomba tena robo ya kwanza ya mwaka."

"Buda, mimi nimeimba hapa toka enzi za Kombe la Dunia!"

"Na Tume inakushukuru kwa subira yako. Mwingine!"

Levis alitoka akisema maneno ya Kikalenjin ambayo niliyaandika kama "alikubali uamuzi".

Terry aliingia na mkoba wake begani. Hakuketi. Aliimba ubeti wa kwanza wa ule wimbo wa chai akiwa anamwangalia Mwenyekiti usoni. Sauti ya Terry ni pana. Inaanza chini kama mtu anayeongea na mtoto, halafu inapanda, na ukiwa umesimama karibu unahisi kama kuna mlango umefunguliwa mahali. Nilisahau kuandika.

Mwenyekiti alikohoa. "Imezidi kiwango."

"Kiwango ni kipi, Mheshimiwa?"

"Kiwango ni kile ambacho sauti yako imekizidi."

Niliandika hilo. Linaeleweka.

"Sawa," alisema Terry. "Nisikilize kidogo. Ukinyima karatasi yangu muhuri, Umm Nura hataniruhusu kutoka. Si mtu mbaya, ila neno lake ni neno lake. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kuongea lugha yangu. Siku zingine sita naongea na mashine ya kufulia. Nitakaa Al Thumama nikitazama ukuta mpaka mkataba uishe."

"Tume haishughulikii kuta."

"Na wewe, utaimba lini mbele ya Tume?"

Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Dada yangu, Mwenyekiti wa Tume hawezi kuimba mbele ya Tume. Atakuwa ameketi upande wa pili wa meza."

Terry alichukua karatasi yake isiyo na muhuri, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani. Alinitazama mimi. "Katibu, wewe unaomba sana," alisema. "Niombee." Akaondoka.

Proscovia alininong'oneza tulipokuwa tukifunga stoo. "Banange, Katibu. Sisi wa alto tunasimama mbele ya besi. Mheshimiwa yuko nyuma ya shingo yangu miaka yote hii. Shingo yangu haijawahi kusikia hata pumzi."

"Sauti yake ni ya chini sana," nilimweleza. "Wataalamu wanasema kuna sauti za chini ambazo sikio la kawaida haliwezi kuzipata. Tembo wanazo."

"Wewe, Katibu," alisema Proscovia, na hakumaliza.

Usiku ule nilipiga magoti kando ya kitanda changu cha juu, maana yake nilipiga magoti juu ya kitanda. Nilimwombea Terry kama nilivyoahidi moyoni. Kisha nikaiombea Tume. Nilisema: Ee Mungu, kama kuna mtu katika kwaya yetu anayejaza idadi, mdhihirishe. Mwite kwa jina, mbele ya watu, ili tupone. Baadaye niligundua kwamba sikuweka mipaka katika ombi hilo. Mtu anapoiandikia ofisi yoyote ya juu ni vizuri aeleze anachotaka kwa undani.

Matokeo yalitangazwa Ijumaa iliyofuata. Kwaya nzima ilikuwa imeanguka.

Naomba hili lisionekane la ajabu. Mwenyekiti alifafanua vizuri. Tume ikimpitisha mtu mmoja ambaye baadaye ataonekana hajui, Tume itakuwa imepotosha umma. Tume ikiwaangusha wote, haiwezi kukosea kwa kumpitisha asiyefaa. "Leo," alisema, "naweza kuwahakikishia mabwana na mabibi kwamba katika kwaya yetu hakuna mjaza idadi hata mmoja."

"Hata kwaya hakuna!" alipaza Levis kutoka nyuma.

"Msikilizaji wa Muda asikilize."

"Sasa kwa Mchina ataimba nani? Viti?"

Hapo Mwenyekiti akaeleza kwamba wajumbe wa Tume, kwa kuwa ndio wenye kutoa ithibati, wanahesabiwa wanayo tayari. Kuna alto, Proscovia. Kuna sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, ambayo ni mimi. Na kuna besi. Akajigusa kifuani. Kwaya ndogo, safi, iliyohakikiwa. Zaidi ya hayo, ili kuwaheshimu wenyeji wetu, Katibu angesimama kwanza asimulie asili na maana ya ule msemo wa Kichina uliotuletea mageuzi haya. Wazo hilo lilikuwa lake mwenyewe. Nataka kumbukumbu zionyeshe hivyo.

Terry hakuwapo kusikia. Ijumaa ile alikuwa Al Thumama. Alinitumia ujumbe wa sauti, wa kupumua tu na mashine ya kufulia ikizunguka.

Jioni ya tarehe 28 bustani ya hoteli ilipendeza. Taa ndogo ndogo zilining'inia kati ya mitende, meza zilikuwa na vitambaa vyeupe, na hewa ilikuwa ile ya Doha mwishoni mwa Novemba, inayomfanya mtu asamehe miezi mingine yote. Sisi watatu tulisimama jukwaani. Jukwaa lilikuwa limejengwa kwa kwaya nzima. Tulijipanga kwa kuachiana nafasi kubwa ili lijae.

Nikiwa pale juu niliona jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Kijana aliyekuwa akipitisha sambusa alikuwa mwimbaji wa sauti yetu ya tena. Wale dada wawili wa usafi waliosimama kando ya chemchemi walikuwa wa soprano. Kwenye lango la bustani, na kifaa cha mawasiliano begani, alikuwa Levis. Na katika meza ya tatu, kati ya watoto wawili, alikuwa ameketi Terry. Umm Nura alikuwa amealikwa na hoteli, maana mumewe ndiye aliyewauzia mitende, naye alikuja na Terry ili watoto watulie. Kwaya yetu yote ilikuwa bustanini. Ilikuwa kazini tu.

Bwana Shen, mtu mnene mchangamfu mwenye miwani, alitukaribisha. Kisha nikasoma hadithi. Niliisoma kwanza kwa Kichina changu cha mwaka wa kwanza, na wageni wake walisikiliza kwa upole ambao nitauombea baraka maisha yangu yote. Nikairudia kwa Kiingereza. Nilipofika mahali mfalme anapokufa na mwanawe anataka kusikia mmoja mmoja, Bwana Shen alipiga paja na kucheka.

"Vizuri sana!" alisema, akasimama na kuwageukia wageni. "Hadithi hii nilisimuliwa na bibi yangu. Marafiki zetu wamekuja watatu tu, wamekuja na hadithi hii. Sasa naelewa. Wametuletea mchezo! Basi leo mimi ndiye mwana wa mfalme. Mmoja mmoja, tafadhali."

Wageni wakashangilia. Mwenyekiti naye alishangilia, kwa mazoea, halafu mikono yake ikasimama hewani.

Proscovia aliimba kwanza. Aliimba sehemu yake ya wimbo wa chai, akamaliza, akapigiwa makofi. Mimi nikafuata. Nilifika mwisho, sifa kwa Mungu. Kisha Bwana Shen akanyoosha mkono kwa heshima kuelekea upande wa besi.

Mwenyekiti alisogea mbele. Alifungua kifungo cha koti. Alivimbisha kifua, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Mahali fulani kijiko kiligonga sahani. Alifunga mdomo, akaomba maji, akanywa taratibu mpaka chini, akarudisha gilasi, akafungua mdomo tena.

Nilielekeza sikio kwa makini. Nilikuwa bado na imani na ile nadharia ya tembo.

"Mabibi na mabwana," alisema hatimaye kwa mnong'ono mzito, "sauti yangu iko katika mapumziko ya kiutawala. Nimepata pia simu ya dharura."

Alishuka jukwaani akiwa ameweka simu sikioni. Ilikuwa simu yangu, niliyokuwa nimempa anishikie, na ilikuwa imezimwa. Alivuka bustani kwa hatua za mtu mwenye kikao. Nanguo wa zamani alifaulu kukimbia kwa sababu katika nchi ya Qi hakukuwa na Levis.

"Mheshimiwa, simama hapo," alisema Levis langoni. "Huu ni mlango wa kuingilia."

"Levis, fungua. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Wa kutokea uko upande wa jikoni, na lazima uwe na pasi."

"Nani anatoa pasi?"

"Meneja. Yule pale uliyemkimbia."

"Kijana, tafadhali. Mimi ni Mwenyekiti wako."

"Na mimi ni Msikilizaji wa Muda. Nasikiliza. Endelea kuomba."

Bustani nzima ilikuwa imegeuza viti. Mwenyekiti alisimama kati ya lango na jukwaa, mwanga wa taa ukimwangukia kichwani, na koti lake lilionekana kubwa ghafla. Nilikuwa nimemjua mtu yule miaka mingi na sikuwahi kumwona bila jambo la kusema. Nilianza kumwombea. Sikujua niombe nini, nikasema tu jina lake.

Ndipo ikasikika sauti kutoka meza ya tatu.

Ilianza chini, kama mtu anayeongea na mtoto. Terry alikuwa bado ameketi, mtoto mdogo wa Umm Nura amelala pajani mwake, na alikuwa anaimba ule ubeti wa kwanza. Mwanzoni nilidhani anamkejeli. Kisha nikasikia ameuanza kwa ufunguo wa chini kabisa, chini kuliko sauti yake inavyopenda, pale ambapo besi huingia. Alikuwa anamtengenezea yule mtu mahali pa kujificha.

Kijana wa sambusa aliweka sinia mezani kwa wageni akaingia na sauti ya tena. Wale dada wa chemchemi wakaingia. Kutoka jikoni waliingia watu ambao hatukuwaona. Proscovia alikuwa analia na kuimba, mambo ambayo ni magumu kufanya pamoja. Na langoni Levis alifungua kifua, buti na vyote, mpaka kifaa begani mwake kikajibu kwa mlio. Kwaya isiyo na ithibati ilijaza bustani, na Bwana Shen aliondoa miwani akaifuta.

Katikati ya hayo yote Mwenyekiti alikuwa amesimama. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika pamoja na wetu, vizuri sana, kwa ustadi wa miaka mingi. Alitikisa kichwa tulipotikisa. Mtu asiyejua angemsifu.

Wimbo ulipoisha na makofi yakapungua, Umm Nura aliinuka. Alizungumza Kiingereza cha polepole, cha darasani.

"Terry aliniambia wamemtoa kwenye kwaya kwa sababu ya sauti. Wiki mbili nyumba yangu iko kimya. Nilidhani amepata ugonjwa wa koo." Alimtazama Mwenyekiti. "Nani alimtoa?"

"Kamati, mama," alisema Mwenyekiti.

"Kamati ni nani?"

Mwenyekiti alimtazama Proscovia. Proscovia alitazama dari, ila bustanini hakuna dari, na macho yake yakarudi chini yakatua kwa Mwenyekiti. Mimi nilitazama huko huko. Ningekuwa nimeandika, lakini karatasi zangu zilikuwa zimeanguka.

"Mheshimiwa," alisema Terry, kwa Kiswahili, kwa upole ili asimwamshe mtoto, "hujui kuimba?"

"Sijui," alisema Mwenyekiti.

"Hata kidogo?"

"Nilipofika Doha sikumjua mtu. Niliwakuta mnaimba. Nikasimama kati yenu siku moja, hamkunifukuza. Siku iliyofuata nikarudi." Alishika kola ya koti. "Baadaye mkanichagua, na ikawa vigumu kuuliza mnaimbaje."

"Na bado ukanifungia Ijumaa yangu."

"Uliuliza habari za uchaguzi."

"Khalas," alisema Levis langoni. "Tumesikia. Sasa?"

Bwana Shen, ambaye alikuwa ametafsiriwa haya na Proscovia, alinijia karibu. "Bwana mwalimu," aliniambia, "hukumalizia hadithi yako. Siku hizi tunautumia msemo huu namna gani?"

Nilitaka kusema kwamba mimi si mwalimu. Badala yake nilimgeukia Mwenyekiti, nikamweleza ile sehemu aliyoniamuru niitoe: kwamba watu wenye adabu husema msemo huo juu yao wenyewe, na kwamba mtu akishausema hakuna anayemfukuza.

Mwenyekiti akaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti, akautoa muhuri, akauweka mezani mbele ya Terry, kando ya sahani ya mtoto. Akasimama wima na kuanza kusema kitu, kwa ule mnong'ono wake mzito.

"Hatusikii!" alipaza Levis. "Besi huku langoni haisikii! Yalla, Mheshimiwa, kwa sauti!"

Mwenyekiti alivuta pumzi. Na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, mbele ya Bwana Shen na wageni wake, mbele ya Umm Nura, mbele ya wahudumu, wapishi na mlinzi mmoja, tuliisikia sauti yake halisi. Ilikuwa nyembamba na ya juu, safi kama filimbi. Miaka yote alikuwa amesimama upande usio wake.

"Mimi, Maurice Githinji, najaza idadi tu! Naahidi mbele yenu wote na mbele ya Mungu wa Katibu: Ijumaa ijayo Terry ataingia mazoezini bila muhuri wa mtu, tutapiga kura kabla hata ya kula, na nikishashindwa nitasimama kwenye safu ya tena, peke yangu, mpaka Dada Terry aseme nimeimba!"